Kamba Mkononi mwa Kaka

Wameandika kwamba namfunga kaka yangu kamba kama mbuzi. Neno "mbuzi" nimeliongeza mimi, lakini waliyoandika wao yana harufu hiyohiyo: "Mzee amekutwa amefungwa kamba kwenye mkono wa kushoto. Mlezi ni mkali na hana ushirikiano." Karatasi ina mhuri. Iko ndani ya faili, faili liko kabatini, na ufunguo wa kabati anao mtu ambaye hajawahi kumgeuza mzee kitandani hata siku moja.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Nitaeleza ninavyojua.

Kazi yetu, mimi na kaka, ilikuwa kuchimba visima. Miaka thelathini na mmoja. Yeye chini, mimi juu. Watu husema aliye juu mngoje chini. Kwetu ilikuwa kinyume: mimi wa juu ndiye niliyemngoja wa chini, na nikisinzia amekufa. Walimwita Futi Sitini, kwa sababu huko ndiko alikokuwa anafika, wakati wenzake wakifika arobaini tu wanaanza kuwakumbuka watoto wao.

Ndani ya kisima sauti haifai kitu. Mtu akiita kutoka chini, wewe wa juu unasikia mlio tu, kama ng'ombe aliyefungiwa ndani ya pipa. Labda anaomba sururu nyingine, labda anakata roho, utajuaje? Kwa hiyo tunakuwa na kamba mbili. Nene ni ya ndoo. Nyembamba ni ya kuongea: wa chini anaifunga mkononi, na wa juu naye hivyohivyo. Mvuto mmoja, acha. Miwili, vuta ndoo. Mitatu, shusha. Minne, nitoe. Inafungwa, haishikwi, maana mtu akishtuka huachia kila kitu. Na baada ya mvuto unahesabu pumzi moja kabla hujasema amemaliza. Ukiwa na haraka utahesabu mmoja kumbe inakuja minne, na umemwacha mwenzako shimoni.

Miaka miwili iliyopita kiharusi kilimpiga kaka. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote isipokuwa moja. Kilimwachia "sawa". Ana kiu, "sawa". Mgongo unamuuma, "sawa". Amekasirika mpaka mishipa ya shingo imesimama, "sawa! sawa!" na machozi yanamtiririka. Kichwani yuko mzima kabisa. Anacheka panapochekesha, anakunja uso nikikosea kupanga bao. Ila mdomoni limekaa neno moja limeziba mlango, na mengine yote yamebaki nyuma yake.

Nilimchukua nyumbani kwangu. Mkewe alishatangulia zamani, wangu alikuwa na mwaka mmoja kaburini. Wangu alikufa hospitali. Siku tatu alisema kifua kinambana, na siku tatu wakaandika, "Mgonjwa ametulia." Siku ya nne alitulia kweli. Wakiongea walikuwa wananitazama mimi, wanamruka yeye kama mto wa kitanda. Kwa hiyo mtu asinishangae nikiona kalamu na damu ikachemka.

Miezi ya kwanza na kaka ilikuwa mibaya, sitaki kujipaka mafuta. Nilikuwa namfokea. Namuuliza, "Unataka nini?" Anasema, "Sawa." Nainua sauti kana kwamba kiharusi kimempiga masikioni. "Unataka NINI?" Mzee wa miaka sabini na sita, aliyenifundisha kushika sururu, anajikunyata kwenye shuka lake.

Halafu siku moja nilikuwa uani nafunga kamba ya kuanikia nguo kwenye nondo za dirisha lake. Ncha ikaangukia ndani, juu ya kitanda. Mimi huku nje nimeshika ncha nyingine, nikahisi mvuto. Halafu mwingine. Mikono yangu ilianza kuvuta ndoo kabla kichwa hakijajua. Nilipochungulia, kaka amejizungushia kamba kwenye mkono wa kushoto, ananitazama. Akanyoosha kidole kwenye mtungi wa maji.

Nililia, basi. Mwanamume mzima, nimekaa juu ya beseni la nguo.

Tangu hapo tunaishi kwa kamba. Inatoka mkononi mwake, inapita dirishani, inafika nilipo, iwe uani, iwe jikoni. Mmoja, acha, sitaki. Miwili, maji, au ndiyo. Mitatu, nilaze. Minne, nitoe humu nikaone jua. Fundo lake ni la kisima, ukilivuta kwa meno linafunguka, na kaka analifungua mwenyewe akichoka na mimi. Hilo fundo hakuna afisa aliyeliangalia.

Aliyekuja ni bwana mmoja wa ofisi ya ustawi wa wazee. Mimi namwita Bwana Fomu, kwa sababu fomu ndiyo aliyoisalimia kwanza. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, huyu alikuja mwenyeji augue. Nilimpa kiti, akakitazama, akabaki wima.

"Babu anakula?" ananiuliza mimi.

"Yuko hapo, muulize."

"Anasikia?"

"Kuliko wewe."

Basi akainama juu ya kaka na kupaza sauti kama anauza sabuni sokoni. "BABU! UNAPATA CHAKULA?"

"Sawa," kaka akasema.

"UNAPATA DAWA?"

"Sawa."

"UNGEPENDA KWENDA KWENYE MAKAO YA WAZEE, UKATUNZWE VIZURI NA WENZAKO?"

Kaka akanitazama. Akavuta kamba, mvuto mmoja, kwa nguvu. Mdomo ukasema, "Sawa."

"Amekubali," Bwana Fomu akasema, na kalamu ikaenda.

"Amekataa! Huoni mkono?"

Hapo ndipo alipouona mkono. Akarudi nyuma hatua moja. Akatoa simu, akapiga picha: mkono, kamba, dirisha, na mimi nikiwa nimekunja uso. Nilimweleza habari za kisima. Alikuwa anatikisa kichwa, "ndiyo mzee, ndiyo mzee," kama unavyomjibu mlevi ili akupishe njia. Nikamwambia maneno mawili matatu ambayo sitayarudia hapa. Hayo ndiyo waliyoyaita ukosefu wa ushirikiano.

Nilipotoka kwenda kuinjika maji, nilimsikia anaongea na simu chumbani. Sikujali. Laiti ningejali.

Alhamisi ikaja barua. Ijumaa saa nne asubuhi litakuja gari kumchukua mzee kumpeleka makaoni "kwa usalama wake". Mzee mwenyewe ameridhia. Binti yake ameridhia kwa simu.

Binti yake! Mtoto wa pekee wa kaka, anafanya kazi mbali, ng'ambo ya mipaka miwili. Nilimpigia hapohapo.

"Baba mdogo, shikamoo. Nilitaka nikupigie, nikaogopa."

"Umemuuza baba yako kwa simu?"

"Usiseme hivyo, baba mdogo. Wameniambia unamfunga kamba. Wamenitumia na picha. Niambie ni uongo."

"Ni kamba ya kisima! Wewe mtoto wa mchimbaji, huijui kamba ya kisima?"

"Sasa kisima kinafanya nini kitandani? Na mimi sikuamua peke yangu. Yule bwana alimwekea baba simu sikioni, nikamuuliza mwenyewe: baba, unataka kwenda? Akanijibu, sawa. Kwa mdomo wake. Mara tatu, baba mdogo, nilimuuliza mara tatu."

Hapo ndipo ningesema. Hapo hapo. Lakini mdomo wangu ulijaa maji, kwa sababu ambayo sasa lazima niitaje, ingawa inanichoma.

Binti hakujua. Kaka alipopigwa, daktari alisema maneno yatarudi taratibu. Binti ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi ile, na kaka alizama visimani nusu ya maisha yake ili yule mtoto asome. Nikasema, tusimtie wasiwasi, ataacha kazi bure. Akipiga simu, namwekea kaka sikioni. Mtoto anaongea, kaka anasema "sawa, sawa", mimi nachukua simu: "Umemsikia? Yuko imara, ila siku hizi hapendi maneno mengi." Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa miaka miwili. Maneno hayakurudi, na mimi nikazidi kuogopa kueleza kwa nini nilianza.

Kwa hiyo badala ya kusema, niliitukana ofisi nzima kuanzia mlinzi hadi mkuu, nikakata simu. Kaka alikuwa ananisikiliza. Akavuta kamba. Sikuhesabu.

Ijumaa, saa nne kasorobo, nilisimama mlangoni na sururu. Sikuwa na nia ya kumpiga mtu. Nilitaka waione. Jirani yangu mshonaji akavuka njia, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni.

"Shemeji, weka chini hicho kitu," akasema. Ananiita shemeji kwa sababu marehemu mke wangu alikuwa kama dada yake. "Ukiwa na sururu watakuandika ukurasa wa pili."

"Waandike."

"Watamchukua mzee huku wewe unaandikwa. Weka chini."

Nikaiweka. Gari likafika: dereva, Bwana Fomu, na mkuu wake, mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Yule mama alisema "hodi". Nalitaja hilo kwa kuwa haki ni haki. Lakini alipoingia, naye akaanza kwangu: "Mzee ameandaliwa?"

"Mama," nikamwambia, "mwenye nyumba ni mimi, lakini mwenye mwili ni yule kitandani. Msalimie kwanza."

Akasimama kidogo, kisha akaenda. "Shikamoo, mzee."

"Sawa," kaka akasema.

"Unaona, mheshimiwa," Bwana Fomu akadakia, "anaelewa na anajibu. Hata kuhama alikubali hivyohivyo."

Mshonaji akatoa pini mdomoni. Akasogea kitandani, akamshika kaka bega. "Mzee Futi Sitini, nikuulize kitu. Wewe ni mwanamke?"

"Sawa," kaka akasema, na jicho lake la kushoto likaanza kucheka.

"Una mimba?"

"Sawa."

"Na huyu bwana wa fomu, ni punda, si ndiyo?"

"Sawa!" Kaka alicheka mpaka akakohoa. Dereva, aliyekuwa mlangoni, akageuka kutazama nje, mabega yanamruka.

"Basi andika," mshonaji akamwambia Bwana Fomu. "Amekubali yote matatu. Piga na mhuri."

Mama mkuu hakucheka. Alivaa miwani, akachukua fomu mkononi mwa mtu wake, akaisoma, akaitazama kamba. Akainama akaligusa fundo. Kaka akalifungua kwa meno mbele yake, akamwonyesha mkono mtupu, akajifunga tena. Yule mama akakaa kitandani. Alikuwa mtu wa kwanza wa ofisi ile kukaa chini nyumbani kwangu.

"Nieleze hii kamba," akasema. Nikamweleza, acha, vuta, shusha, nitoe. Alisikiliza hadi mwisho. "Vizuri. Nitamuuliza mwenyewe. Mmoja hapana, miwili ndiyo. Lakini wewe utoke. Ukae uani na ncha yako, na huyu asimame karibu yako atangaze anachokiona. Sitaki mtu aseme ulimtolea macho."

"Nitolewe chumbani kwangu?"

"Utoke, mzee wangu."

Nilitoka na hasira zangu. Hasira ilinifikisha hadi kwenye kiti cha uani, na nilipokaa ikaisha, pakabaki hofu. Maana nilijikuta nawaza: je, akisema ndiyo? Miaka miwili nimemuuliza kama ana kiu, kama ana haja, kama shuka limekunjamana. Hata siku moja sikuwahi kumuuliza kama anataka kuishi na mimi. Ofisi niliyoitukana haikuuliza vizuri, lakini mimi sikuuliza kabisa.

Sauti ya yule mama ikatoka dirishani, ya kawaida, bila kupiga kelele. "Mzee, unataka tukupeleke makaoni?"

Kamba ikavuta.

"Mmoja!" Bwana Fomu akapaza sauti.

"Subiri," nikamwambia. "Hesabu pumzi."

Tukangoja wote wawili, tukiutazama mkono wangu. Haukuja mwingine.

"Unataka kubaki hapa?" Mvuto. Mvuto. "Miwili!"

"Ndugu yako anakupiga?" Mmoja, wa kunikata ngozi.

"Anakutunza vizuri?" Miwili. Nikaanza kushusha pumzi, halafu ukaja mwingine peke yake, umechelewa.

"Miwili," Bwana Fomu akasema, "halafu mmoja. Hiyo ni nini?"

Ndani, mama akauliza tena. "Kuna jambo hulipendi hapa?" Miwili, ya haraka.

Basi ikaanza safari. Chakula? Mmoja. Kitanda? Mmoja. Hii kamba? Mmoja, na wa nguvu. Ndugu yako anakufokea? Hapo kamba ilikaa. Nilihisi vidole vyake vinaichezea upande ule mwingine. Kisha miwili, midogo, kama mtu anayebisha mlango akiomba asisikike. Nilitazama chini. Bwana Fomu akatangaza polepole, "Miwili." Na wala hakuiandika.

"Hilo ndilo linalokuumiza zaidi?" Mmoja.

Maswali yalikwenda karibu saa nzima. Jua lilihama kutoka magotini mwangu hadi kifuani. Mtu mmoja, kitanda kimoja, swali moja baada ya jingine: kazi ndogo tu ambayo ingefanyika Jumanne, kama yule bwana angekubali kiti. Wanasomea haya mambo miaka mingapi? Wana semina, wana fulana zenye maandishi kifuani. Na kumbe kinachotakiwa ni makalio kukaa na mdomo kungoja.

Mwishowe nikamsikia mshonaji. "Mama, muulize habari za binti yake."

Kamba ikavuta kabla swali halijaulizwa. Miwili. Miwili. Miwili.

"Unataka kumwona?" Miwili. "Unataka kuongea naye?" Mmoja, halafu miwili, halafu mivuto isiyo na hesabu. Yule mama akangoja hadi kamba ikatulia. "Mzee, binti yako anajua kwamba huwezi kuongea?"

Mmoja.

Nilihesabu pumzi. Nilihesabu ya pili, na ya tatu, nikiomba uje mwingine. Kutoka dirishani nikasikia "sawa, sawa, sawa," na kilio ndani yake. Hata kiziwi angejua kwamba hakuna kilicho sawa.

Nilifungua fundo langu, nikaingia. Kaka hakunitazama. Kwa hiyo miaka miwili yote alikuwa ananisikia nikimdanganya mwanawe juu ya kichwa chake. Kila nikichukua simu na kusema yuko imara, yeye amelala pale, mdomo umefungwa, na mimi ndiye ninayezungumza kwa niaba yake. Sawasawa na wale wa hospitali. Sawasawa na huyu wa fomu.

"Nani atampigia?" mama mkuu akauliza.

"Mimi," nikasema. "Ni kosa langu. Lakini ninyi nanyi kosa lenu mtaliandika."

"Kwenye fomu hakuna sehemu ya hilo," Bwana Fomu akasema.

"Geuza nyuma," mkuu wake akamwambia. "Nyuma ni peupe."

Nikapiga simu nikiwa nimekaa kitandani, mkono wangu juu ya mguu wa kaka, ule uliokufa.

"Baba mdogo? Wameshamchukua?"

"Hachukuliwi. Mwanangu, kaa chini. Baba yako hawezi kuongea. Tangu siku ile ya kwanza. Neno alilonalo ni sawa, ukimuuliza lolote atasema sawa. Mimi nilikuficha. Yeye hakutaka ufichwe, na sikumuuliza."

Nikasikia kiti kikiburutwa huko aliko.

"Miaka miwili," akasema. "Nilimwambia mambo yangu yote, baba mdogo. Nilimuuliza kama niolewe na yule mtu. Akasema sawa. Nikaolewa."

Mshonaji akaziba mdomo kwa futi yake.

"Mwekee simu sikioni," binti akasema, na sauti yake haikuwa ya mtoto wa kunipa shikamoo. "Usimwambie aseme chochote. Wewe nyamaza tu."

Nikamwekea. Alianza kuongea, sikusikia nini, na sikutaka kusikia. Kaka alifumba macho. Sijawahi kumwona amekaa kimya namna ile, bila kutafuta neno. Nje, dereva akapiga honi, mara mbili, ya kutuharakisha. Bwana Fomu akainua kichwa kutoka kwenye upande mweupe wa karatasi, akanitazama, akaiweka kalamu chini, akatoka mbio kwenda kumnyamazisha.